Wimbo Ulionuka Nyongo

Harufu ya utumbo wa kuku haitoki kwa sabuni. Inajificha chini ya kucha, inapanda kwenye nywele, inalala nawe kitandani na asubuhi inakutangulia mlangoni. Kulikuwa na mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha kuku, aliyeijaribia limau, magadi, majivu na hata dawa ya meno, na mwishowe akanyoosha mikono.

"Basi," alimwambia mumewe, "tumekuwa watatu humu ndani."

Kiwandani walimwita Mama Nyongo. Si kwa ulimi wake, maana ulimi wake ulikuwa mtamu. Ni kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Kwenye ini la kuku kuna kifuko cha kijani, kidogo kama haragwe, na ndani yake mna maji machungu ajabu. Kikipasuka, nyama yote inaingia uchungu. Mama Nyongo alikuwa akiingiza mkono ndani ya kuku, anazungusha kiganja, anavuta, na kila kitu kinatoka kwa pamoja, utumbo, firigisi, ini, na kile kifuko kikiwa kizima kama kilivyoumbwa. Wapya wote waliwekwa kando yake wajifunze, naye hakuwahi kumkaripia hata mmoja.

Nyumbani alikuwa na mume. Zamani mzee huyo aliendesha lori la vinywaji na kusimulia vichekesho vya njiani mpaka watu wakashika mbavu. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia na kumnyang'anya maneno yake yote isipokuwa moja, "haya." Akiwa na njaa, haya. Akikasirika, haya. Akishukuru, haya. Mchana, jirani yao fundi viatu aliacha kazi yake na kwenda kumlisha uji, na hakuwahi kulitaja jambo hilo hata siku moja.

Wawili hao walikutana ujanani kwenye ukumbi uliokuwa ukifunguliwa Jumapili mchana. Watu walikuja na viatu vilivyong'arishwa na mashati yaliyonyooshwa kwa pasi, kucheza muziki wa house. Si ule wa kupiga makelele. Ule wa taratibu, ambao vijana wanauita deep house, na ambao wao waliuita tu "wa chini", kwa sababu ngoma yake inaanzia kwenye nyayo na kupanda polepole hadi kifuani. Ngoma inatembea kama mtu anayejua aendako. Juu yake mama mmoja anaimba, maneno machache tu, na hana haraka nayo. Anachelewa makusudi. Analiweka neno pale anapotaka, kama mtu anayepanga vikombe mezani na wageni bado hawajafika. Hakuna anayekuamuru uruke. Unabebwa, na ukishushwa unajikuta umetua kitu ulichokuwa umekibeba.

Kulikuwa na wimbo mmoja kati ya nyimbo hizo ambao ulikuwa wao. Kila jioni, baada ya kuoga, Mama Nyongo aliuweka kwenye simu, akavuta kigoda hadi kando ya kiti cha mumewe, akaweka mkono juu ya lile bega lililolala. Mzee alipiga goti lake kwa mkono mzima wa kushoto. Hakupiga na ngoma. Alimfuata mwimbaji. Mwimbaji akichelewa, naye alichelewa. Mwimbaji akikata neno katikati, mkono ulibaki hewani. Hapo tu ndipo alipokuwa akimjibu mkewe, kwa urefu wa wimbo mmoja, na wimbo ukiisha alirudi kwenye "haya" yake. Mama Nyongo alijua vizuri kabisa kwamba siku wimbo ule utakapokufa, atabaki kwenye nyumba ile peke yake, na mumewe akiwa amekaa palepale.

Muziki uliingia kiwandani kwa sababu ya Kidege. Huyo alikuwa binti mwembamba mwenye mimba changa, aliyesimama karibu na Mama Nyongo kwenye meza ndefu ya chuma. Kila kreti ya kuku ilipomwagwa mezani, wale kuku weupe wenye vipele, waliolegea shingo, wenye macho nusu wazi, Kidege alikimbilia mfereji wa maji machafu na kutapika juu ya mafuta na manyoya.

"Mama, huyu kuku nikimwona tu, nahisi kama nimeshammeza na miguu yake," alisema, akijifuta mdomo kwa kiwiko.

"Usimwangalie usoni, mwanangu. Mwangalie kama shati lililogeuzwa."

"Shati gani lina firigisi?"

Mama Nyongo akacheka, akavuta kuku wawili wa Kidege kwenye upande wake. Wakati wa chai alimfuata msimamizi wa zamu, mwanamume mpole waliyemwita Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona nywele zake.

"Kofia, mwanangu, hiyo spika yenu ya kutuitia chai haiwezi kuimba?"

"Iimbe nini, mama? Hapa si harusini."

"Iimbe hizi." Akampa flashi iliyofungwa kwenye karatasi ya plastiki. "Huyu mtoto akipata kitu cha kusikiliza, tumbo lake litasahau."

"Na meneja akiniuliza?"

"Mwambie kuku ndio walioomba."

Kofia akachomeka flashi. Nyimbo zilipigwa moja baada ya nyingine, na ule wao ulikuwemo. Ngoma ikaanza kutembea chini ya meza, na mabega ya wanawake yakashuka. Hakuna aliyecheza, nani acheze na mikono iko tumboni mwa kuku? Lakini miguu ndani ya buti za mpira iliyumba kidogo. Kidege hakutapika tena siku ile. Alimuuliza Mama Nyongo kwa sauti ndogo:

"Huu ni wimbo wa lini?"

"Wa kabla hujazaliwa."

"Uongo! Mbona haujazeeka?"

"Kwa sababu haujakimbia."

Tangu hapo wimbo ukawa wa meza nzima. Vibibi waliokuwa karibu kustaafu na wasichana waliotoka shule juzi wote waliupenda sawasawa, na kila mmoja alikuwa na yake ya kufikiria mama yule alipoimba. Mama Nyongo aliona fahari. Alijiambia kwamba amewaletea wenzake maji ya baridi.

Meneja naye aliusikia. Wanawake walimwita Manukato, kwa kuwa kila alipotaka kushuka kutoka ofisini alijipulizia marashi kwanza, halafu akaja amebana leso puani, kana kwamba uvundo wa kiwanda chake ulikuwa kosa la wanaofanya kazi ndani yake. Pale mezani hakukuwa na mashine ya kuwasogeza kuku. Kreti zilikuja, mikono ilifanya kazi, na kasi ilikuwa ya mikono hiyo. Manukato alisimama muda, akitazama mikono jinsi ilivyokuwa ikienda pamoja, kiganja kuingia, kiganja kuzunguka, kiganja kutoka. Kisha akapanda ngazi kurudi ofisini.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo. Mama Nyongo alisikia sauti ya mwimbaji ikikonda. Ilikuwa nzito na ya joto, sasa ilikuwa kama ya mtu aliyebanwa pua. Alidhani ni mafuta ya kuku yameingia kwenye spika, maana mafuta yale yalirukia kila kitu, hata taa. Akaomba ngazi, akapanda, akaifuta spika kwa kitambaa, akatoa manyoya yaliyogandamana kama uji uliolala. Sauti haikubadilika. Akadhani ni masikio yake. "Umri huo," akajiambia, akaendelea na kazi.

Lakini jioni wanawake walianza kutoka wakiwa hoi, wakitetemeka vidole. Kidege alijikata gumba, wiki iliyofuata akajikata tena. Na Mama Nyongo, ambaye hakukumbuka mara ya mwisho kupasua nyongo, siku moja aliingiza mkono, akazungusha, akasikia kitu kikipasuka ndani kama upele. Ukijani ukamtoka kati ya vidole. Ukatambaa juu ya ini, ukaingia kwenye nyama ya kifua, mwembamba, wenye kunata, na harufu yake ikamfika kooni.

"Huyu wa kutupa," akamwambia Kofia.

Kofia hakumtazama machoni. "Tumeambiwa tusuuze na kufunga, mama. Wamekuwa wengi mno."

"Kusuuza nyongo? Hiyo inatoka?"

"Nimeambiwa hivyo tu."

Akatazama mezani vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kijani hapa, kijani pale. Vipande vya utumbo uliopasuka, na kilichokuwamo ndani ya utumbo, vikipakwa kutoka kuku hadi kuku kwa glavu zilezile. Maji ya kusuuzia yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya jana na yalikuwa na utando. Na juu ya yote hayo wimbo wake ulikuwa ukiimba.

Jioni ile alioga mara mbili. Akauweka wimbo kwenye simu, akaweka mkono kwenye bega la mumewe. Ngoma ilipoanza, kiganja chake kikazunguka. Hakukituma. Kilijikunja chenyewe, kikajipenyeza chini ya kwapa la mzee, kikavuta. Mzee akashtuka, akamgeukia. Kiganja kikarudia. Harufu ikapanda, ya damu iliyopoa na manyoya yaliyochemshwa, kana kwamba imetoka ndani ya simu. Mama Nyongo akauondoa mkono kama aliyeshika kaa la moto, akakimbia hadi kwenye karo, akatapika mpaka hakikubaki kitu cha kutapika.

"Haya?" mzee akauliza kutoka chumbani.

"Si kitu, mzee wangu. Chakula tu."

Kesho yake alipanda ofisini kumwomba meneja abadilishe ile spika. Alimkuta anakula mayai ya kuchemsha. Dirisha lake la kioo lilitazama meza chini, na alikuwa akila huku akiwatazama wanawake wakipasua. Kiini cha yai kilikuwa kimemganda pembeni mwa mdomo, na kila aliposema kilipanda na kushuka.

"Spika haina ubaya, mama," alisema kwa furaha. "Kaa. Wewe hasa nilitaka kukuita nikushukuru. Ni mimi niliyeongeza mwendo wa muziki."

"Umeongeza nini?"

"Mwendo. Spika sasa inapigwa kutoka kwenye simu hii, unaona? Kidogo kidogo, kama chumvi kwenye mchuzi. Hakuna aliyeshtuka! Hizo nyimbo nyingine za kelele zinawachosha watu, wanagundua wanakimbizwa. Huu wenu unabembeleza. Mikono inafuata yenyewe." Akanyonya kidole. "Ningepiga kelele mwaka mzima nisingepata kazi hii. Umetuletea dawa, mama."

Mama Nyongo alimtazama. Alijisikia kama mtu aliyekunywa maji gizani kisha taa ikawashwa akaona kilichokuwa ndani ya kikombe. Yeye ndiye aliyeuleta. Kwa mkono wake, kwa huruma yake, ameshika wanawake wenzake viuno na kuwasukuma.

"Urudishe ulivyokuwa, mwanangu," alisema polepole. "Watu wanajikata. Nyongo zinapasuka. Au nirudishie changu niende nacho."

"Changu, chako! Wimbo si sufuria." Akacheka, kiini kikadondoka kwenye shati. "Nimeshaunakili zamani. Chukua hii, uwapikie wa nyumbani. Ni zawadi." Akamsukumia katoni ya kuku, waliofungwa vizuri, plastiki ikimetameta.

Aliichukua. Baadaye alijiuliza kwa nini, akaona ni kwamba mikono yake ilikwishazoea kupokea kinachosukumwa mbele yake.

Akapika kuku mmoja. Akachambua nyama laini ya kifuani, akaikatakata, akamlisha mumewe kwa kijiko. Mzee akatafuna. Uso wake, ule upande uliobaki hai, ukajikunja. Akatulia. Akamtazama mkewe aliyesimama na kijiko, amechoka, macho mekundu. Akameza. Akafungua mdomo apewe tena.

"Haya," alisema.

Ilikuwa ni asante. Mama Nyongo aliijua haya ile. Akajitilia kipande naye, akatafuna, na uchungu ukamjaa mdomo mzima, ukamshika ulimi na meno, uchungu wa kijani usio na mwisho. Akakitema kwenye kiganja. Akageuza kuku sufuriani, akaona chini ya bawa lile doa la kijani, limechemka na halikutoka. Mumewe alikuwa amemeza nyongo ili asimvunje moyo, na bado mdomo ulikuwa wazi, anasubiri.

Hakulia. Alimpa maji, akamsafisha ulimi kwa kitambaa chenye asali, taratibu, kona kwa kona. Kisha akachukua sufuria, katoni na vilivyomo, akavifukia nyuma ya nyumba na kumwagia chokaa.

Asubuhi, kwenye chumba cha kuvalia, wanawake walipokuwa wakifunga aproni, alisema:

"Jamani, mwimbaji wetu anakimbizwa. Meneja ameniambia kwa kinywa chake, anauongezea wimbo mwendo kila mara ili mikono ikimbie. Kosa la kuuleta ni langu. Sasa naomba kitu kimoja. Leo msiifuate ngoma. Mfuateni yule mama."

"Kumfuata vipi?" mmoja akauliza.

"Akianza neno, ingiza mkono. Akilivuta, zungusha. Akimaliza, toa."

"Na akinyamaza?" Kidege akauliza.

"Akinyamaza, na wewe pumzisha mkono. Yeye mwenyewe anapumua, wewe ni nani usipumue?"

"Anavyopenda kunyamaza huyo!" akasema mwingine. "Leo tutalala hapahapa na kuku." Wakacheka. Mlangoni alisimama Kofia, amesikia kila neno. Aliinama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, akaondoka.

Wimbo ukaanza. Ngoma ilikuwa mbio, ikigongagonga kama mtu mwenye homa. Mikono ilitaka kuifuata, mtu aliweza kuiona ikitaka. Lakini mama yule alikuwa juu yake, na hata akiwa amekondeshwa, hata akiwa amebanwa pua, bado alichelewa. Walikuwa wamemfupisha pumzi lakini hawakuweza kumfanya awahi. Akaanza neno, mikono ikaingia. Akalivuta. Viganja vikazunguka. Akanyamaza, na meza nzima ikanyamaza, mikono imetulia juu ya chuma kama ya watu wanaosubiri chakula. Nyongo zikatoka nzima. Kreti zikapandana mlangoni.

Manukato alishuka leso ikiwa puani. "Kuna nini? Nani amekufa?"

Mikono iliendelea kumfuata mwimbaji. Akatoa simu, akaongeza mwendo. Mwimbaji akawa kama mtoto. Wakamngoja. Akaongeza tena, mwimbaji akawa kama mbu, na hapo Kidege hakuweza kujizuia, akapasuka kicheko, na kicheko kikatambaa meza nzima, wanawake wakiinamia kuku zao, machozi yakiwatoka. Manukato alirudi nyuma, kisigino kikatua kwenye rundo la utumbo uliokuwa ukisubiri kuzolewa, likatoa sauti chini ya kiatu chake. Akatazama kiatu. Akazibwa kinywa na matapishi yake mwenyewe.

"Zima!" akapiga kelele. "Nani aliyewafundisha huu uvivu? Nataka jina!"

Mama Nyongo akavua glavu, akafungua kinywa. Lakini Kofia alikuwa ameshawahi.

"Hakuna aliyefundishwa, bosi. Wimbo wenyewe ndivyo ulivyo. Mtu akiuzoea sana unamchelewesha."

"Basi ni muziki wa wafu huu! Sitaki kuusikia hapa tena." Akapanda ngazi akichechemea, kisigino kikiacha alama.

Flashi ikarudi mikononi mwa Mama Nyongo siku hiyohiyo. Kiwandani kukabaki sauti ya maji na visu. Manukato alijaribu kupiga kelele, lakini kelele ziliishia masikioni, hazikuingia mikononi. Kuku waliopasuka nyongo wakapungua, na waliopasuka Kofia aliwatupa bila kumuuliza mtu.

Siku ile ya flashi wenzake walimkumbatia. Hata hivyo, akielekea nyumbani, hakuwa na furaha waliyodhani anayo. Alijua kinachomsubiri.

Aliona kigoda. Aliona simu. Mzee alinyoosha kidole cha kushoto kuelekea simu, maana tangu jioni ile mkewe alipotapika hakuwa amepewa wimbo wake.

"Haya," alisema.

Mama Nyongo akajikaza. Akaubonyeza, ule wa asili ambao hakuna aliyeuongeza wala kuupunguza. Ngoma ikatoka chini, polepole kama ilivyokuwa daima. Kiganja kikajikunja. Ile harufu ikaja. Akauzima.

"Siwezi, baba," alisema. "Nimeurudisha lakini unanuka. Nisamehe. Unanuka nyongo."

Mzee akamgeukia. Kisha akafungua mdomo wake uliopinda, na kilichotoka hakikuwa neno. Aliimba alivyoimba yule mama wa wimboni, bila ngoma chini yake. Sauti mbovu, ya kukwaruza, iliyopotea njia kila mara na kurudi, mate yakimtiririka kidevuni. Alichelewa pale anapochelewa. Alikata pale anapokata, na kwenye ukimya ule akasubiri, mkono wa kushoto hewani, akimtazama mkewe.

Mama Nyongo akausogeza uso, akauegemeza kwenye lile bega lililolala. Mate yakamdondokea shingoni, yenye joto. Hakuyafuta. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya goti la mumewe, umefunguka, na mzee alipoanza tena, yeye alichelewa kidogo, kisha akamfuata.